Ebenezeri wa Mwika na Simu Iliyojipokea Yenyewe

Sogeeni, enyi watu wa mteremkoni, mnaojifunika blanketi mbili mwezi wa Julai na kuamka mkisema hakuna baridi. Sogeeni, wa Mwika na wa Marangu, wa Mamba na wa Rombo yote, wekeni chini mundu na ndoo, mnyamazisheni na yule anayetafuna muwa kwa kelele, niwasimulie tendo ambalo masikio yenu hayajapata kulisikia. Vita vya wazee wetu wa kale, waliopigana kwa mikuki na kujichimbia mahandaki chini ya ardhi, vimekwisha kusimuliwa vya kutosha, na waliopigana wenyewe wamepumzika. Mimi nasimulia vita vikubwa zaidi, kwa maana vilipiganwa na mtu mmoja tu, ameketi juu ya kigoda, dhidi ya adui mwenye ukubwa wa nusu mche wa sabuni.

Nawe Kibo, kilele cha mlima wetu, mwenye kofia nyeupe, nakuita uwe shahidi wangu. Nakuita kwa desturi tu, maana siku ile ulijifunika wingu tangu alfajiri na hukuona chochote.

Alikuwako basi huko Mwika Ebenezeri mwana wa Aminieli, mzee wa kanisa, bwana wa kihamba chenye migomba na mibuni, mume wa Esther, baba wa Gladys, mnadi mkuu wa sadaka za mazao pale nje ya kanisa baada ya ibada, ambaye sauti yake iliweza kupandisha bei ya mkungu mmoja wa ndizi mpaka mnunuzi akajutia kuokoka. Mbele za watu kinywa chake kilidondosha asali. Alimsifu kila mhubiri, aliusifu uji wa kila msiba, na ukimwonyesha mtoto mwenye sura ya kiatu alisema, "Huyu ni baraka." Watu walimwita Baba Busara, naye hakuwakataza.

Lakini asali ile ilikuwa na kiwanda chake, na kila kiwanda kina mahali pa kumwaga takataka. Jioni, saa ya kukamua, Ebenezeri aliingia zizini kwa ng'ombe wake Faraja, akamwekea vipande vya mgomba, akaketi kwenye kigoda, akashika chuchu, na maziwa yalipoanza kutoka na maneno nayo yalitoka. Hapo ndipo mhubiri wa Jumapili aliponyolewa bila maji. Hapo ndipo jirani aliyesogeza mpaka alipotajwa yeye na ukoo wake wote. Faraja alicheua, akapepesa macho, hakuwahi kumwambia mtu. Wanaume wengine wana kilabu. Ebenezeri alikuwa na zizi.

Sasa Gladys, binti yake wa pekee, muuguzi wa mjini Moshi, mwenye huruma ya kazini na ukali wa nyumbani, alimnunulia baba yake simu janja, akaiweka katika Kiswahili ili asipate kisingizio. Kila siku baada ya zamu alipiga, akauliza swali lile lile: "Umekula, baba?" Na hapo ndipo balaa lilipoingilia. Kwa maana vidole vya mtu anayekata migomba kila siku kumlisha ng'ombe huvaa utomvu, na utomvu ukikauka huwa mweusi na mgumu, na chini ya utomvu wa Ebenezeri kulikuwa na sugu za jembe zenye umri wa kustaafu. Kioo cha simu kilivikataa vidole vile kana kwamba ni vya marehemu. Simu iliita, shujaa alibonyeza, simu ikaendelea kuita. Akabonyeza kwa hasira, simu ikakata tamaa ikanyamaza.

Akaiteremsha kwa Filemon, fundi simu wa pale sokoni, kijana mwenye majibu ya haraka kuliko maswali. Filemon akasema, "Mzee, usijichoshe. Naiweka ijipokee yenyewe. Ikiita kidogo tu, uko hewani."

Ebenezeri alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara. Kwa muda wa wiki nzima alimwambia kila aliyekutana naye kwamba simu za wengine hubembelezwa, bali yake ina adabu, ikiitwa inaitika. Na kweli iliitika. Jumapili iliyofuata iliitika katikati ya maombi ya toba, na sauti ya dalali mmoja wa mifugo ikauliza kanisa zima kama bado linamtaka yule beberu. Mzee wa zamu akaichukua, akabonyeza pembeni mpaka mlio ukafa, akairudisha mfukoni mwa shati la mwenzake kama mtu anayerudisha nyoka kwenye gunia.

Mlio ulikufa, kuitika hakukufa. Tangu siku hiyo simu ilitetema kidogo kifuani mwa Ebenezeri, ikajipokea kimyakimya, na yeye mtetemo ule, uliomjia hasa jioni bila sauti ya mtu kuufuata, akauhesabu miongoni mwa maradhi ya uzee. Akaanza kunywa mchaichai kwa ajili ya moyo. Mnaona jinsi mtu mwenye busara anavyojitibu.

Ikumbukwe kwamba katika siku hizo Gladys alikuwa ameposwa. Mposaji aliitwa Ronald, na baba yake alikuwa Mzee Melkior wa Tarakea, Mkatoliki wa kufunga Kwaresma yote, mfanyabiashara wa mpakani, mgane wa miaka kadhaa, mtu wa maneno machache yaliyopimwa, aliyemwita kila mzee mwenzake Meku kwa desturi ya mlimani. Walikuwa wamekwisha kuja mara moja na mbuzi na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, wakala, wakacheka, na Ebenezeri akaisifu mbege ile kwa hotuba iliyowafanya wageni wafute macho. Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikuwa waje tena kwa mazungumzo ya mwisho, yaani harusi ifungwe lini na kati ya padre na mchungaji ni nani amtangulie mwenzake. Gladys alikuwa ameihesabu Jumamosi hiyo kwa moyo wote.

Basi jioni ya Jumatatu Ebenezeri aliketi kwenye kigoda, kifua kikatetema, akakohoa, akaanza.

"Faraja," akanena, "wewe ni ng'ombe mwenye mwili, huwezi kuelewa. Wale mbuzi wa Tarakea! Nilimshika mmoja mbavuni nikadhani nimeshika kinanda. Ukiwasha tochi upande huu, mwanga unatokea upande wa pili. Na ile mbege! Sogeza mguu. Ile mbege, mama, ni maji yaliyopita karibu na ndizi yakazisalimia. Nimeisifu kwa ajili ya mtoto tu, na Mungu atanisamehe uongo ule kwa sababu ulikuwa mzito kuubeba."

Kisha kutoka mfukoni mwa shati, karibu kabisa na moyo ule mgonjwa, sauti ikasema:

"Na mbege yangu ina kasoro gani, Meku?"

Enyi wasikilizaji, kuna ngurumo za mlimani na kuna ngurumo za mfukoni. Kigoda kilianguka, ndoo ilianguka, maziwa ya jioni yakaenda kunywewa na ardhi. Faraja, ambaye hakuwahi kushtushwa na lolote, aligeuza shingo akalitazama shati.

"Mkwe!" akasema Ebenezeri, na asali ikarudi upesi mdomoni ingawa imechelewa. "Mkwe wangu mpendwa! Habari za Tarakea?"

"Za Tarakea ni nzuri. Tunashukuru kwa taarifa," akasema Melkior. "Kuhusu Jumamosi, tutafikiri."

Simu ikakatwa.

Kesho yake Gladys akapiga, na simu, kwa adabu yake ile ile, ikaitika.

"Ni wewe umepokea, au imejipokea?" akauliza. Hilo lilikuwa swali lake tangu simu ianze kujipokea, kabla hata ya salamu.

"Imejipokea, mwanangu. Lakini nipo hapa."

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Baba, Ronald kaniambia. Mzee wake tangu jana anakaa tu kibarazani, ukimwuliza neno anasema 'kinanda'. Baba, nakuheshimu sana, lakini nimechoka. Nikipiga sijui naongea na baba yangu au naongea na shati. Siku ile nimekusikia ukimwambia ng'ombe nyumba yangu ya kupanga ni kama choo cha stendi. Sasa sikiliza. Sitapiga tena mpaka nijue anayenipokea ni wewe mwenyewe. Na kama Jumamosi hawatakuja, nitajua ni nani kawafukuza."

Hakuuliza kama amekula. Ebenezeri alisubiri swali lile hata baada ya sauti kukatika, ameshika simu kwa mikono miwili, na hapa simtanii: mzee aliumia, akakaa muda mrefu bila kumtafuta hata ng'ombe.

Ndipo Esther, mkewe, mwanamke aliyezaliwa na maneno machache na kuyatunza, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akampa shauri.

"Baba Gladys, masale yanaota pale mpakani mwa kihamba bure. Chuma jani moja, funga fundo, panda gari uende Tarakea. Ukifika na isale, jani la kuombea radhi, hakuna mtu wa mlima huu wa kukufukuza. Mila ni mila. Sema nimekosa, kunywa mbege yake, rudi nyumbani."

Shauri hilo lilikuwa fupi, rahisi na la kweli, kwa hiyo shujaa akalikataa.

"Mama Gladys," akanena akiinuka, na mkono wake ukashika hewa pale ambapo mababu zake wangeshika mkuki, "unaniambia niende kuomba radhi kwa kosa ambalo si langu? Nani aliyefungua mlango? Mimi nilikuwa zizini kwangu, na ng'ombe wangu, na maoni yangu. Adui ni hii! Hii iliyomwitikia mtu bila kutumwa! Naapa kwa kihamba cha Aminieli baba yangu, sitapumzika mpaka nimeikata ulimi!"

"Nipe basi nikuzimie hicho kitu," akasema Esther. "Lakini nikisha kuzima simu, ulimi wako atakuzimia nani?"

Akarudi jikoni. Na kwa sababu ya swali lile, Ebenezeri akamkataza asiiguse simu kabisa.

Mtasema: si angeizima tu? Akiizima, na mkwe akipiga kuleta neno la Jumamosi? Mtasema: si angeiacha kabatini? Ingejipokea kabatini, na Melkior angesikiliza kimya cha mashuka, na kimya kwa mkwe ni tusi kubwa kuliko mbuzi. Mtasema: si angenyamaza tu zizini siku chache? Wasikilizaji wangu, nasimulia habari za mwanadamu, si za malaika.

Kwanza aliandamana kwenda sokoni kumtafuta Filemon, mwasisi wa balaa. Alivaa koti la ibada. Alishuka kwa miguu katikati ya mibuni, akiwasalimia watu kwa kichwa tu, simu imeviringwa ndani ya taulo na taulo ndani ya mfuko wa rambo, ili hata ikijipokea isisikie kitu. Kibanda cha Filemon kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Kando yake Loveness, muuza vocha na mwimbaji wa sauti ya pili kwaya ya vijana, alikuwa akila ndizi za kuchoma.

"Shikamoo mzee. Fila hayupo, kapandisha wageni mlimani. Msimu huu kabeba mizigo, simu kaziacha. Kwani ina shida gani? Lete nikucheki chap."

Ebenezeri aliukaza mfuko kifuani. Alijua kwamba habari ikiingia sikio la kwaya itafika kanisani kabla yeye hajafika nyumbani.

"Binti," akanena, "kuna mambo ya wazee."

"Haya mzee. Ila mbona umeifunga kama imekufa?"

Akapanda kurudi nyumbani na koti lake. Akatazama juu kule ambako Filemon alikuwa amebeba hema la Mzungu katikati ya mawingu, akawatakia wote wawili baridi kali. Siku zilizobaki zikapita bila simu yoyote, na hilo lilimwumiza zaidi ya simu zote zilizojipokea.

Ikafika Jumamosi yenyewe, na Tarakea hawakuwa wamesema neno. Baada ya chai Ebenezeri aliweka kigoda mbele ya zizi, akaiweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakunja mikono ya shati. Faraja alisogea kwenye uzio kutazama.

Silaha yake ya kwanza ilikuwa maji. Alinawa, akajaribu, kioo kikamdharau. Silaha ya pili ilikuwa jivu, ya tatu ndimu, ya nne mafuta ya taa, ambayo kila mkata migomba anajua kwamba huondoa utomvu ulioshindikana. Utomvu uliondoka kweli. Vidole vikatokea ambavyo Esther hakuwa ameviona tangu siku ya kuvishana pete. Lakini chini yake zilikuwepo zile sugu, ngumu na zisizojua toba. Alijaribu kifundo cha kidole, kiganja, kiwiko. Simu ikawasha tochi. Akainama kuizima, ikapiga picha, na kwa muda Ebenezeri akajitazama ndani ya matundu ya pua yake mwenyewe, makubwa na meusi kama yale mahandaki ya wazee, akaona ndani yake hakuna askari hata mmoja.

"Faraja," akasema kwa sauti ya chini, "naona ninashindwa."

Hapo ndipo lilipotokea jambo. Ili asome maandishi madogo, kwa maana miwani ilikuwa imesahaulika juu ya Biblia, akainamisha uso mpaka karibu kabisa, na ncha ya pua ikagusa kioo. Kioo kikatii. Kilichokataa vidole kumi vya mtu mzima, kilichodharau kiwiko cha mzee wa kanisa, kiliisikia pua kama mtumishi anayemsikia bosi. Ebenezeri akarudi nyuma. Akagusa tena kwa pua. Ikatii tena.

Na sasa, enyi wa mteremkoni, yatazameni mapigano yenyewe! Akashuka kwa pua juu ya ile picha ya simu ya kijani, ikafunguka. Akazishambulia zile nukta tatu zilizopangana pembeni, akakosa, akajikuta kwenye namba za kwaya, akarudi, akazishambulia tena, zikaanguka. Likatokea neno Mipangilio, akalipiga kichwa. Yakamiminika majeshi ya maneno: sauti za simu, majibu ya haraka, namba zilizozuiwa, simu kusubiri, naye akapita katikati yao, jasho likimdondoka kidevuni, akipumulia kioo mpaka kikafunga ukungu kama dirisha la basi la asubuhi, akiufuta kwa pindo la shati na kurudi vitani. Chini kabisa, mahali ambapo mwoga anaficha hazina yake, akaiona: Kupokea simu kiotomatiki. Na pembeni yake kile kitufe kidogo, kilicholala upande wa kuume, chenye rangi ya majani, kinang'aa bila aibu.

"Ni wewe," akanena Ebenezeri. "Ni wewe uliyemwonyesha mkwe wangu moyo wangu kabla haujafuliwa. Ni wewe uliyeninyima swali la binti yangu. Leo utalala."

Akaacha kigoda, akapiga magoti, akainama taratibu. Ni wakati huo Esther alipochungulia kutoka jikoni, akamwona mumewe amepiga magoti mbele ya ndoo, kichwa kimeshuka chini, mabega yanatetemeka, akasema moyoni, hatimaye ametubu. Akarudi ndani taratibu asimkatize.

Pua ikagusa. Kitufe kikahama upande wa kushoto, kikageuka kijivu.

Kelele aliyopiga Ebenezeri iliwatoa kuku migombani. Alimwita Esther atoke na kitochi chake, ile simu yake ndogo ya vitufe, apige, na kwa furaha akabonyeza vitufe vyote vya pembeni, vya juu na vya chini, mpaka mlio uliokufa kanisani ukafufuka. Esther akapiga. Na simu ikaita. Ikaita! Iliita juu ya ndoo kama simu ya mtu yeyote, iliita mbele ya ng'ombe na kuku, iliita mpaka ikachoka, na haikumwitikia mtu. Ebenezeri alisimama mikono kiunoni, akiisikiliza kama wengine wanavyosikiliza tarumbeta za Pasaka.

"Mbona hupokei?" akauliza Esther.

"Nipokee nini? Utukufu uko hapo hapo kwenye kuita."

Hajamaliza neno, simu ikaita tena. Safari hii si Esther. Kitochi chake kilikuwa kimelala mkononi. Juu ya kioo liliandikwa jina: MELKIOR TARAKEA.

Ebenezeri akajitupa chini, akakipiga kwa pua kile kialama cha kijani. Simu ikaendelea kuita. Akapiga tena. Haikupokea, kwa sababu kialama kile hakibonyezwi, kinaburutwa kwenda juu, na Ebenezeri, ambaye tangu aimiliki simu ile hakuwahi kupokea hata moja kwa nguvu zake, angejulia wapi? Akaigongea kichwa kama kigogota. Ikanyamaza.

"Basi," akasema, na akaketi chini kabisa, pale kwenye matope ya zizi, na nguo hakuzijali. "Nimemfunga mdomo mjumbe siku aliyoleta neno. Mama Gladys, nimempoteza mtoto."

Esther hakumcheka. Alimwekea mkono begani. Kisha akatazama kwenye njia, akasema, "Inuka. Kuna mgeni getini."

Getini alisimama Mzee Melkior wa Tarakea, amevaa kofia yake ya Jumapili, simu sikioni. Na mkononi, wasikilizaji wangu, alikuwa ameshika jani refu la kijani lililofungwa fundo. Alikuwa ameshika isale.

"Hodi," akasema. "Nimepiga kuwaambia nipo hapa. Leo simu yako imekataa kunifungulia, Meku."

"Karibu, mkwe," akasema Ebenezeri kutoka matopeni, akilitazama lile jani kwa hofu. "Hilo… hilo si mimi ndiye ningepaswa…"

"Ngoja nimalize. Wenzangu na vijana nimewaacha barabarani na mitungi, maana nina kosa la kuondoa kwanza. Tangu baada ya Pasaka napiga simu yako jioni. Mara ya kwanza nilitaka tuongee habari za paroko wetu na mchungaji wenu. Ikapokelewa, nikasikia mtu anaongea polepole, vizuri, nikadhani ananiambia mimi. Nikaitikia mara mbili kwa sauti ndogo, hukunisikia. Kisha nikasikia, 'Sogeza mguu.' Nikajua si mimi." Melkior akavua kofia. "Ningekata. Sikukata. Tangu mama Ronald aondoke, nyumba yangu jioni haina sauti ila redio, na redio haisemi habari za mtu unayemjua. Kesho yake nikapiga tena. Siku zote hizo nilikuwa nasikiliza, nimenyamaza. Ile ya mbege ndiyo ilinishinda. Mwizi wa maneno naye ni mwizi. Nimeleta isale, unisamehe."

Ebenezeri akashika kifua. Maradhi yake yote ya jioni yalikuwa yamesimama mbele yake na kofia mkononi.

"Umesikia yote?" akauliza.

"Nilisikia siku uliyomwambia ng'ombe kwamba Gladys akiolewa hutajua ni nani atakuuliza kama umekula. Siku hiyo nilimwita Ronald nikamwambia, huyu binti akija kwetu, jioni simu yake isikose salio."

Mnadi mkuu wa Mwika, mwenye hotuba kwa kila msiba, aliinuka matopeni. Akaenda mpakani kwa haraka, akachuma jani la isale, akajaribu kulifunga fundo, likamfunguka, Esther akalifunga. Akarudi akampa Melkior, na Melkior akampa lake, na wazee wawili wakasimama kila mmoja ameshika msamaha wa mwenzake. Ni nani aliyesamehewa kwanza, historia haisemi, kwa sababu Esther alikuwa akicheka na Faraja alikuwa amelifikia jani moja na kuanza kulila.

"Na mbege yangu?" akauliza Melkior.

"Mbege yako alikunywa kata mbili akaomba ya tatu," akasema Esther. "Mimi ndiye niliyemimina."

Hapo simu juu ya ndoo ikaita. Kwenye kioo: GLADYS. Ronald alikuwa amempigia kutoka barabarani, kumwambia wamefika.

"Buruta kwenda juu, Meku," akanong'ona Melkior. "Usigonge. Buruta." Ebenezeri mwana wa Aminieli akapiga magoti, akaweka pua yake kwenye kile kialama cha kijani, akakiburuta polepole kwenda juu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake simu janja ikapokea kwa amri yake.

"Baba?" ikasema sauti ya Gladys, na ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Ni wewe umepokea, au imejipokea?"

"Ni mimi," akasema. "Safari hii ni mimi mwenyewe, mwanangu."

Kisha Gladys akauliza, "Umekula?"

"Bado," akasema Ebenezeri. "Niulize tena kesho."

Na tangu Jumamosi hiyo, saa ya kukamua, mlio unapoita kutoka Tarakea, shujaa huacha ndoo, huinamisha kichwa, hupokea, na humwambia Faraja asogee ili mgeni asikie vizuri. Basi wachongaji wachonge na waimbaji waimbe, na wanafunzi wa Mwika wakiulizwa siku za usoni ni jambo gani kubwa lililotendeka katika mteremko huu, wasitaje mikuki wala mahandaki. Waseme: Ebenezeri alipokea simu.